Saa Mbili na Saa Mbili

Mwanangu tulimpa jina Mgeni
kwa kuwa nilimzaa ugenini, Konde, nimekwenda mazikoni,
nikarudi Wete na kitoto ndani ya kanga ya kuazima.
Sasa ana kadi ya Wajapani, ina picha yake,
na kwenye kadi wamemwandika: mwanafunzi mgeni.
"Wamelijuaje jina langu, mama?"
Nilicheka mpaka Khatib akaninyang'anya simu.

Kila asubuhi, nikishawafungulia kuku,
hukaa kwenye kizingiti cha jikoni
nikazisikiliza sauti alizotuma.
Ya kwanza: baiskeli, mnyororo unalia, naye anahema.
Ya pili: taka. Huko taka zina siku zake,
Jumanne chupa, Alhamisi karatasi,
na bibi wa jirani huufungua mfuko wake
akamwonyesha ganda la yai lililopotea njia.
"Ananisuta, mama, lakini huanza kwa kuinama."
Basi nawe inama, nikamwambia. Inama umpite.

Ya tatu fupi, ya kazini.
Kiwanda cha vyakula vya sanduku, usiku,
saa ishirini na nane kwa wiki, serikali haitaki izidi hata moja.
Kazi yake ni jani.
Sanduku likipita analitia jani la kijani, la plastiki,
jani, jani, jani,
mtoto aliyekuwa akichuma karafuu bila ya kuvunja kijiti
leo anagawa majani ambayo hata mbuzi hali.

Masomo? Anasema herufi zao hazisomwi, zinakaririwa
kama sura za watu wa harusini.
Alinichorea moja: paa,
na chini ya paa kitu chenye miguu mingi.
Nini hiki? "Nyumba, mama."
Na hicho kilichomo ndani?
Akanyamaza. Mimi nimemzaa, nikajua pana jambo.
"Nguruwe, mama. Ndivyo walivyoiandika tangu kale."
Astaghfirullah!
Siku ile niliufagia ukumbi mara tatu.
Jioni nikamtumia sauti: Andika, mwanangu.
Mwalimu akitaka nyumba, mpe nyumba.
Kilichomo usikile tu.

Na hili ndilo lililonikaa.
Huko mtu akirudi kwake husema *tadaima*, nimerudi,
na aliye ndani humjibu *okaeri*.
Wamefundishwa darasani, wawili wawili,
yeye na kijana wa Nepali, wakipokezana kurudi.
Lakini chumbani kwake hapana wa ndani.
Anavua viatu, anapiga hodi ya kwetu,
anajijibu karibu, anaingia.
Alilisema hilo akicheka.
Nikamwambia simu inakatakata.

Juzi nikamuuliza, saa ngapi huko?
"Nane mchana, mama, ila wao huiita mbili."
Nikaitazama saa ya ukutani: mshale kwenye nane,
na sisi nane ile twaiita mbili.
Nikamwita Khatib aje na penseli.
Akahesabu, akafuta, akahesabu tena.
Wao wametutangulia saa sita,
na sisi tumezoea kuisoma saa kwa kuirudisha sita,
kwa hiyo kwa kinywa, mama, ni saa moja hiyohiyo.
Mbili yetu, mbili yao. Tano yetu, tano yao.
Bahari zote zile, na neno halijasogea!

Tangu siku hiyo siulizi.
Anatoka kiwandani kabla ya alfajiri yao,
saa tano hivi anafika mlangoni.
Hapa ni saa tano usiku, umeme una siku zake,
nimeshatia maji kwenye jungu la muhogo lisikauke.
Nasikiliza. Nahesabu viatu, kimoja, cha pili.
Halafu nasema, si kwa sauti kubwa,
Karibu.

Khatib chumbani anageuka.
"Nani kaja, mama?"
Hapana mtu, lala.
Mgeni tu.